Baba kwa Sehemu Nane

Shubra, Kairo
9 Januari 2022

Kwa ami Shauki,

Salamu nyingi kwako na kwa Bi Insaf, na mbusu kwa niaba yangu maana najua wewe hutamwambia. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua tangu baridi ianze, lakini ulimi hauna neno: jana amegombana na muuza gesi mpaka maskini akaomba radhi kwa kosa ambalo hadi sasa halijui. Paka amezaa kwenye droo yangu ya nguo. Lifti imeharibika tena, na sisi ndio wa ghorofa ya sita.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zetu hupokei. Sikulaumu. Najua koo lako liliharibika ukiwa kazini redioni, na tangu utotoni mwangu nakujua kuwa mtu wa kunong'ona. Barua namkabidhi Hamdi, dereva wa lori la fanicha, anayeleta vitanda vya Dumyat huku kila baada ya wiki mbili, au tatu, au lori litakapopona.

Sasa shida yangu. Nimeanza podikasti. Bi Insaf akiuliza ni nini, mwambie ni kama mchezo wa redio wa kila wiki, ila mtu anausikiliza kwenye simu yake saa anayotaka mwenyewe. Inaitwa "Aliyekwenda Baghdad". Sehemu nane, zote kuhusu baba: alivyoondoka mwaka themanini na nane kwenda kujenga Iraki, na vita vilivyokuja, na sisi tuliobaki tukitazama mlango. Sehemu tatu zimeshatoka. Nilidhani watu watalia, kumbe watu wanaondoka. Kuna mchoro unaonionyesha msikilizaji amezima dakika ya ngapi, na wangu wanazima dakika ya sita kana kwamba wamepigiwa kengele. Nusu nzima!

Wewe umekaa miaka thelathini ukitengeneza milio ya milango, nyayo na mvua kwa michezo ya redio ya Ramadhani. Sikiliza, uniambie naharibu wapi.

Na la pili, ambalo ndilo la kwanza. Mama anasema baba alikuwa akituma maneno yake kwa kaseti, na ya mwisho ilibaki kwako kwa kuwa redio kaseti ilikuwa yako. Alipoondoka nilikuwa na miezi saba. Picha zake ninazo kumi na moja. Sauti yake sijapata kuisikia, ami, hata neno moja. Podikasti nzima namzungumzia mtu ambaye sijui alikuwa anasemaje "alo". Kama ipo, nipe.

Mwanao,
Inas

*

Dumyat
2 Februari 2022

Inas binti yangu,

Barua imefika ikinuka vanishi, maana Hamdi aliisahau ndani ya kabati la bibi harusi, na kabati likaenda Mansura kabla ya kurudi. Sisi salama. Insaf ametengeneza jibini ya chumvi kiasi cha kulisha jeshi na anakuletea kopo moja. Ukila ujue kiu ni yako. Mpe shemeji Sania pole ya magoti.

Nimesikiliza. Lakini sikusikiliza peke yangu, kwa sababu msikilizaji mwenye mapenzi si msikilizaji. Nimeshuka na simu ya Insaf kwenye karakana ya fundi Gaber, hapa chini yetu. Wachongaji sita, mashine moja ya msasa, na chai. Hao ndio wasikilizaji wa kweli, maana mikono ina kazi na hawakudai kitu.

Dakika nne za mwanzo hawakusikia hadithi. Walisikia muziki na wewe ukiwashukuru watu. Mtu amekuja kwako, umemsimamisha kizingitini dakika nne unamtajia majina ya waliokupigia kinanda! Kisha ukaanza kusema kwa sauti ya chini, ya huzuni. Nzuri sana, lakini msasa ukaimeza. Gaber akaongeza sauti. Muziki ukarudi kwa kishindo, kijana mmoja wa kazi akaruka, patasi ikakata ua lote la kichwa cha kitanda. Kitanda hicho ni cha mahari. Insaf naye anasema muziki wako ni kama mtu aliyeangusha masufuria akaamua kuendelea.

Baada ya hapo majina. Nimehesabu kumi na moja kabla ya dakika ya sita. Gaber akauliza, "Huyu Munir ndiye wa pasipoti au ndiye wa tiketi?" Mmoja akasema wa pasipoti, mwingine akasema, "Wee, wa pasipoti si amekufa?" Wakabishana, wakacheka, wakazima. Dakika ya sita hiyo hapo.

Fanya hivi. Anza na mlango unaofunguka na baba yako akiondoka, hapo hapo. Shukrani peleka mwisho. Muziki uwe chini ya sauti yako, usiwe sawa nayo. Majina matatu tu: baba, mama, wewe. Wengine waite "rafiki yake" na "karani", hawatakushtaki. Kisha sikiliza kwa kispika kibovu cha simu, ukiwa umefungua bomba la maji. Ukijisikia hapo, umesikika.

Kuhusu kaseti: ilipotea tulipohama Kairo. Vitu vingi vilipotea.

Ami yako,
Shauki

*

Shubra
20 Februari 2022

Ami yangu,

Jibini imefika. Mama ameonja, akanywa maji, akasema Insaf hajabadilika, akaonja tena. Watoto wa paka wamefumbua macho, tumegawa wawili. Lifti, bado.

Nimezitoa upya sehemu zote tatu kama ulivyosema, na ya nne nimeianza kwa mlango. Mlango wetu wenyewe, ami, ule ule alioutokea. Unalia vile vile, maana mama hajaruhusu utiwe mafuta tangu siku hiyo. Nilisikiliza jikoni, bomba wazi, mama akipiga kelele kuhusu bei ya maji. Unajua wanazima dakika ngapi sasa? Hawazimi! Zaidi ya nusu wanafika mwisho. Mwanamke mmoja wa Aswani ameandika kwamba alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba yake mpaka sehemu ikaisha, na mumewe akadhani amenuna.

Mikono yako ibarikiwe. Mpe fundi Gaber pole ya kitanda.

Kaseti imepotea, sawa, nimelia kidogo, yamepita. Basi niambie wewe uliyekua naye. Sauti yake ilikuwaje? Nzito? Nyembamba? Alikuwa akicheka katikati ya maneno? Mama nikimuuliza anasema, "Ilikuwa ya mwanamume," anageukia jiko. Wasikilizaji nao wameanza kuuliza. Nimebakiwa na sehemu nne, na sina kitu cha kuweka masikioni mwao isipokuwa mimi.

Inas

*

Dumyat
24 Machi 2022

Inas binti yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hamdi amepita mara mbili, na mara zote mbili barua haikuwa tayari. Tuko salama. Mvua ya mwisho imevujisha dari la sebuleni, na Insaf ameanza kusafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani, kwa hiyo sina pa kukaa.

Karakana sasa wanakusubiri kila Jumatano. Sehemu ya tano imewakamata. Gaber amezima mashine yote ya msasa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi ya mkwewe. Nina machache tu. Umeacha wiki mbili kati ya sehemu ya nne na ya tano bila kusema. Mtu akizoea siku yako usimkoseshe, au mwambie mapema. Mwanzoni mkumbushe tulipoishia, sentensi moja, si tano. Ongea na mtu mmoja. Usiseme "wasikilizaji wapendwa", hayupo mtu anayeitwa hivyo. Na usiogope kunyamaza: pale mama yako alipoulizwa kuhusu Agosti ya mwaka tisini, vita vilipozuka, ulikata kimya chake ukaweka kinanda. Kirudishe. Kile kimya ndicho kitu bora ulichonacho.

Na la mwisho, ambalo wazee wetu wa redio walilishikilia kuliko yote: usimfiche msikilizaji jambo unalolijua wewe. Mwache asijue usichokijua, mtatafuta pamoja. Lakini akigundua ulikuwa nalo mfukoni muda wote ukimzungusha, hakusamehe.

Uliuliza kuhusu sauti. Ilikuwa sauti ya kawaida.

Shauki

*

Shubra
30 Machi 2022

Ami Shauki,

Leo sina salamu za kutosha, utanisamehe.

Nilimpigia Bi Insaf jana kumtakia Ramadhani njema. Nikamwambia kwa masikitiko, kama mjinga, kwamba ni bahati mbaya kaseti ilipotea. Akasema, "Kaseti ya baba yako Wagdi? Ipo, mwanangu, kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Kila mwaka naifuta vumbi." Kisha akanyamaza, nikajua amekutazama.

Nimekuuliza kuhusu kaseti, ukanijibu imepotea. Nimekuuliza kuhusu sauti, ukaniambia ya kawaida. Nina miaka thelathini na minne. Nimejenga sehemu tano za maneno kuzunguka shimo, na wewe umekuwa ukinifundisha jinsi ya kulizunguka vizuri. Halafu unaniandikia kuhusu mfuko wa msimulizi!

Una nini mfukoni, ami?

Inas

*

Dumyat
16 Aprili 2022, katikati ya Ramadhani

Mwanangu,

Swaumu njema kwako na kwa mama yako. Nimefuturu, Insaf amekwenda tarawehe, na kaseti iko mbele yangu mezani.

Elewa kwanza tulivyokuwa. Kaseti hazikuwa nyingi, ilikuwa moja. Baba yako anarekodi Baghdad, anampa mtu anayerudi, inafika kwangu Kairo. Mama yako anakuja na wewe mgongoni, mnasikiliza, kisha anarekodi majibu juu ya sauti yake, na kaseti inarudi na anayekwenda. Sauti juu ya sauti, miaka miwili. Wagdi mbahili, hata kaseti yenyewe hakununua mpya. Alichukua ya nyimbo, yenye picha ya mwimbaji wa kike mwenye nywele za kufura, akaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi. Sote tulifanya hivyo.

Ya mwisho ilifika Julai tisini. Mama yako aliisikiliza mara moja. Alipanga arudi wiki ijayo kujibu, ukapata surua, wiki zikapita, Agosti ikaingia, na hapakuwa tena na mtu wa kwenda Iraki. Kaseti ikabaki kwangu na sauti yake ndani.

Ramadhani iliyofuata nilikuwa nimefanya mchezo mkubwa, na sehemu ya mwisho ilikuwa karibu yote ni nyayo zangu: mtu anarudi kwake kijijini kwa miguu. Nilitaka kuihifadhi. Dakika tano kabla ya kuanza, maduka yamefungwa, watu wako mezani, nikapapasa kwenye rundo la kaseti. Nikaona mwimbaji mwenye nywele za kufura. Nikasema moyoni, hizi nyimbo sizipendi. Vitundu vimezibwa tayari. Nikabonyeza.

Nilikuja kujua siku ya pili. Inas, nilimfuta ndugu yangu kwa nyayo za mtu asiyekuwepo.

Sikumwambia mama yako. Nilikusudia. Nilipiga simu duka la dawa la mtaani kwenu, wakamwita ashuke. Nikasema, "Alo, Sania." Akapiga ukelele, "Wagdi!" Akadondosha simu, nikamsikia anakimbia barabarani akiwaambia watu mume wake yuko hai. Mimi na baba yako, tangu tubalehe sauti zetu zilikuwa moja, hata marehemu mama yetu alikuwa anatuchanganya mlangoni. Nilikaa na simu sikioni mpaka aliporudi, ndipo nikamwambia ni mimi. Tangu siku hiyo sikuongea naye kwa simu, na nikija kwenu nanong'ona. Koo langu halina ugonjwa. Halikuwahi kuwa nao.

Kaseti naikabidhi kwa Hamdi pamoja na barua hii. Maneno ninayakumbuka, nilikuwa nimeyasikiliza mara nyingi kabla ya kuyafuta. Wewe ulikuwa kwenye kaseti mara ya mwisho tulipompelekea. Ulisema "Baba", halafu hapo hapo ukadai pera. Alipojibu alisema hivi: "Sania, huyu mtoto ameniita. Nimerudia mpaka mwenzangu wa chumbani ametishia kuitupa redio dirishani. Sasa lazima niseme juu yake, kaseti ni hii moja. Mwambie anisamehe, namfuta ili nipate kumjibu."

Shauki

*

Shubra
11 Mei 2022

Ami,

Idi imepita. Mama alipika biskuti za kutosha mtaa mzima, na lifti imetengenezwa, ikakaa siku tatu. Barua yako ilifika tarehe ishirini na tano. Sikujibu kwa sababu nilikuwa sijui ningejibu nani: wewe, au yeye.

Nilikopa redio kaseti kwa mzee wa duka la saa. Nimesikiliza pande zote mbili mpaka utepe unapoisha, mara tatu, nikiwa nimeshika pumzi, kama kuna hata kikohozi kilichobaki. Hakuna. Nyayo zako ni nzuri sana, ami. Unasikia changarawe, unasikia mtu amechoka, unasikia karibu atafika. Nimezichukia kwa siku kumi, kisha nimechoka kuzichukia.

Lile la pera nimelisoma mpaka karatasi imelainika. Kumbe alinijibu. Miaka yote nimedhani hakuwa na la kuniambia.

Mama sijamwambia kitu.

Sehemu ya sita na ya saba zimetoka, siku zile zile, sentensi moja ya kukumbusha, na kimya cha mama nimekirudisha. Elfu arobaini wamesikiliza. Ya nane sina. Nimejaribu kuyasoma maneno ya baba kwa sauti yangu na ni uongo. Maneno hayo yalikuja kwangu, hayawezi kutoka kwangu.

Nataka uyaseme wewe. Kwa sauti yako yenyewe, si ya kunong'ona. Sikuombi kwa ajili ya wale elfu arobaini. Nataka nisikie.

Inas

*

Dumyat
3 Juni 2022

Inas,

Salamu. Insaf mzima, mimi mzima.

Leo Ijumaa, karakana imefungwa. Nimeshuka na Insaf, tumetundika mablanketi ya kufungia fanicha kuzunguka meza ili sauti isirudi. Nilijaribu mara nne. Mara ya kwanza nilinong'ona bila kujijua. Mara ya pili nilitoa sauti ya mtangazaji, Insaf akasema, "Unasoma taarifa ya habari?" Mara ya tatu niliishia kwenye "Sania" nikatoka nje. Ya nne ndiyo hii, kwenye flashi, ndani ya soksi mpya. Soksi ni zako.

Usiitoe kabla shemeji hajaisikia. Na kabla hajaisikia, mwambie habari ya kaseti. Yote, usinipunguzie.

Shauki

*

Shubra
13 Juni 2022

Ami yangu,

Nimefanya ulivyosema. Mama alikuwa jikoni anachambua majani ya mlenda. Nilimsimulia kaseti, mwimbaji wa nywele za kufura, nyayo, yote. Hakunyanyua kichwa. Majani yaliendelea kudondoka kwenye beseni. Nikamwuliza kama anataka kusikia. Akasema, "Weka."

Ulisema "Alo, Sania," na mimi, ami, nikakaa sakafuni pale pale. Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa. Nilisikiliza mpaka "nipate kumjibu", na nilipofuta macho nikamwona mama amesimama, kisu mkononi.

"Huyu Shauki," akasema.

"Najua, mama. Lakini maneno ni ya—"

"Maneno usinifundishe, niliyasikia kabla yako. Wagdi alikuwa na haraka, anameza mwisho wa maneno kama anakimbiza basi. Huyu anafika mpaka mwisho. Siku ile dukani nilikosea kwa 'alo' moja. Moja tu! Nilipookota simu akasema la pili, nikajua. Kwa 'alo' moja mtu ananyamaza miaka thelathini na moja?"

Nikamwambia uliogopa kumuumiza tena.

"Aliogopa!" Akatupa kisu kwenye beseni. "Wagdi na Shauki walikuwa watoto wawili kwa mama yao. Mmoja kanipotelea Baghdad. Huyu wa pili nani alimruhusu kunipotelea Dumyat? Simu ikilia nyumba hii miaka yote nakimbia na magoti haya. Ningeridhika hata na Shauki. Hata aulize bei ya nyanya."

Kisha akalia, ami. Sijapata kumwona akilia, si kwa sehemu yoyote ya zile saba. Nilikuwa nimekaa sakafuni, akaja akakaa na yeye, na magoti yake, na ikabidi nimwite jirani atusaidie kumnyanyua.

Kaseti hajakusamehe. Amesema hilo utaambiwa na yeye mwenyewe, si kwa barua. Ijumaa baada ya swala atapiga simu ya Bi Insaf, na ameniagiza niandike hivi: asimpe Insaf apokee.

Sehemu ya nane nimeichelewesha. Nimewatangazia wasikilizaji mapema, kama ulivyonifunza, kwamba kuna mtu mmoja anapaswa kusikia kwanza. Wananitukana kwa upendo. Waache.

Inas

*

Dumyat
18 Juni 2022

Inas binti yangu,

Alipiga jana saa nane mchana. Niliiacha ilie mara tano. Insaf aliisogeza mbele yangu mezani, akatoka akafunga mlango, na najua alikuwa nyuma yake.

Nikapokea. Nikasema, "Alo, Sania," kwa sauti yangu.

Alinyamaza, na mimi sikuthubutu kujaza. Nilimsikia anavuta pumzi. Kisha akasema, "Shauki, umekula?"

Nikamwambia bado.

Akasema, "Basi kale kwanza, maana nina maneno ya miaka thelathini na moja, na sitaki uyasikie na njaa." Akakata.

Nilikula nimesimama, simu mkononi, nikimeza bila kutafuna kwa kuogopa isilie nikiwa nimejaza mdomo. Baada ya robo saa ikalia.